Dalili ya Mvua Si Mvua: Barua ya Wazi kwa Wahariri wa Habari Nchini Kenya

Kwa: Wahariri wa magazeti, redio na televisheni nchini Kenya
Nakala: Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya; Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa; wakuu wa taasisi za utafiti
Kutoka: Makindu, Kaunti ya Makueni

Waheshimiwa Wahariri,

Mimi ni mkulima wa ekari nne hapa Makindu, na kabla ya kustaafu nilifundisha sayansi katika shule za msingi kwa miaka mingi. Husikiliza redio alfajiri kabla ya kwenda shambani na hununua gazeti kila nipatapo nauli ya kufika mjini. Mengi ninayoyajua kuhusu nchi yangu nimeyapata kwenu. Kwa sababu hiyo hiyo nawaandikia hadharani, maana kosa ninalotaka kulieleza linatuumiza watu wengi na limedumu mno.

Sokoni kwetu ndengu na mahindi hupimwa kwa gorogoro. Mwuzaji akikibonyeza kitako cha mkebe ili nafaka iingie kidogo, tunasema amepunja, na wateja humhama. Lalamiko langu kwenu ni la namna hiyo. Mtafiti huwakabidhi habari pamoja na kipimo chake: uwezekano wa jambo kutokea, mahali linapohusu, idadi ya watu au mashamba yaliyochunguzwa. Habari hiyo ikishafika kwetu, kipimo kimeachwa njiani, na kipimo ndicho tulichokihitaji.

Sayansi yenyewe haiko mbali nasi. Kituo cha kupima hali ya hewa kiko hapa hapa Makindu. Shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, lina kituo Kiboko, mwendo mfupi kwa barabara ya kuelekea Nairobi, ambako mbegu za mahindi hujaribiwa kuona zitastahimili ukame kiasi gani. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shamba la utafiti Kibwezi. Yanayopimwa kwenye udongo wetu husafiri hadi mji mkuu, kisha hutujia yakiwa kichwa cha habari cha maneno matano. Naomba mnisikilize hoja kwa hoja.

1. Mnageuza uwezekano kuwa ahadi

Makindu hupata karibu milimita 600 za mvua kwa mwaka, na hizo zinagawanyika katika misimu miwili. Sisi Wakamba tunategemea zaidi mvua za vuli, nthwa, za Oktoba hadi Desemba, na mwezi wenyewe hasa ni Novemba. Novemba ikituponyoka, mwaka umetuponyoka.

Kabla ya msimu, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wake, na kituo cha kanda cha ICPAC hutoa wake kwa nchi zote za Pembe ya Afrika. Utabiri wa msimu hugawanya mambo katika mafungu matatu: mvua pungufu, mvua ya kawaida, na mvua zaidi ya kawaida. Kama hakuna anayejua lolote, kila fungu lina nafasi 33 katika 100. Wataalamu wakiona dalili baharini, nafasi hizo hubadilika. Tuseme fungu la mvua zaidi ya kawaida limepewa 50, la kawaida 30, na la upungufu 20. Maana yake ni kwamba katika misimu 10 inayofanana na huu, miwili bado itakuwa ya upungufu. Mkulima mwenye akili timamu hawezi kuipuuza misimu miwili katika kumi.

Ninyi mnaandika: "Mvua kubwa yaja." Ile 30 na ile 20 hazionekani popote. Wala hamsemi kwamba "zaidi ya kawaida" kwa Makindu ni kitu kingine kabisa na "zaidi ya kawaida" kwa Kakamega, kwa kuwa kawaida yetu ni ndogo. Wala hamsemi mvua itaanza lini, itakoma lini, na kama itakatika katikati. Jumla ya msimu inaweza kuwa nzuri ilhali maji yote yameanguka kwa siku nane na kukimbilia mtoni.

Naandika kwa uchungu kwa sababu yalinipata. Msimu mmoja wa nthwa, miaka michache iliyopita, nilisoma kichwa cha habari cha aina hiyo, nikaacha kupanda ndengu, ambayo hukomaa kwa karibu miezi miwili, nikapanda ekari tatu za mahindi ya kukomaa polepole. Mvua ilinyesha vizuri Novemba, kisha ikakoma mapema Desemba mahindi yakiwa yanatoa ndevu. Nilivuna mabua ya kulisha ng'ombe. Baadaye nilipata nakala ya utabiri wenyewe. Ulikuwa umeonya waziwazi kwamba mvua ingegawanyika vibaya. Onyo hilo lilikuwa aya nzima. Katika habari niliyoisoma halikupata hata sentensi moja.

2. Kila mvua mnaiita El Niño

Tangu mafuriko ya 1997, jina la El Niño limekuwa kama jina la jini. Kila likitajwa, picha za mwaka ule hurudishwa. Lakini watafiti wamejua kwa muda mrefu kwamba mvua zetu za vuli hazisukumwi na El Niño, yaani joto la Bahari ya Pasifiki, peke yake. Bahari Hindi ina mwendo wake: maji ya upande wetu wa magharibi yakipata joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, mvua huongezeka Afrika Mashariki. Hali hiyo huitwa Daipoli ya Bahari Hindi. Mwaka 1997 bahari zote mbili zilitusukumia mvua kwa pamoja, na kwa nguvu.

Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu kama ile ya 1997, na nchi nzima iliandaliwa kwa gharika. Bahari Hindi haikuitikia kwa kiasi kile, na gharika ya 1997 haikujirudia. Watu wakasema wanasayansi ni waongo. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño ya kuandikiwa vichwa vya habari, lakini Daipoli ilikuwa miongoni mwa zile kali zaidi kuwahi kupimwa. Mvua ya vuli ilifurika, na Novemba maporomoko ya ardhi yaliua makumi ya watu Pokot Magharibi. Aliyengoja kulisikia jina la El Niño ndipo azibue mtaro wake hakulisikia, na maji yakaja.

Kisha ukaja mwaka 2023. Wataalamu walitabiri vuli ya mvua zaidi ya kawaida. Mwanzoni mwa Oktoba Rais William Ruto alitangaza kwamba El Niño iliyohofiwa haingekuwepo, ila mvua kubwa tu. Habari ikaenea kwa maneno machache: "Hakuna El Niño." Ile sehemu ya pili, ya mvua kubwa, ilimezwa na ile ya kwanza. Siku hiyo swali la mwanahabari lilipaswa kuwa jepesi: Idara yenyewe imeandika nini, na je, imeondoa utabiri wa mvua zaidi ya kawaida? Haikuwa imeuondoa. Novemba mafuriko yaliingia Mandera, Garissa, Tana River na Mombasa, na kabla ya mwaka kwisha zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa nchini.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema dalili ni mvua. Walijua kuzitenganisha, na sayansi inafanya hivyo hivyo kwa nambari. Naomba nanyi mzitenganishe.

3. Sumukuvu mnaikumbuka penye maiti na mnaisahau penye ghala

Hili linahusu uhai wetu moja kwa moja. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado ndani ya wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa hospitali kwa ugonjwa wa ini uliotokana na mahindi yenye sumukuvu, ile wengi tunayoiita aflatoksini. Kati yao 12 walikufa. Mwaka 2004 yakaja makubwa zaidi. Makueni, Kitui, Machakos na Thika zilihesabu wagonjwa 317, na 125 wakafariki. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi.

Watafiti wa Wizara ya Afya ya Kenya na wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, walifanya kazi ambayo kila nyumba ya Ukambani ilipaswa kuijua kwa moyo. Walichukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kwa wauzaji sokoni, wakakuta 55 kati ya kila 100 zimezidi kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, sehemu 20 kwa bilioni. Kisha wakalinganisha wagonjwa 40 na majirani 80 ambao hawakuugua. Walichokiona ni hiki: waliougua walikuwa wameweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba zaidi kuliko wenzao walioyaweka ghalani, na mahindi ya nyumbani kwao yalikuwa na sumu mara kadhaa zaidi. Watu waliyaingiza ndani kwa kuwa ilikuwa njaa na waliogopa wezi. Mtu analala na gunia lake ili watoto wasikose, na gunia hilo ndilo linalowaua.

Hayo ndiyo maarifa: kausha kabla ya kuhifadhi, inua gunia kutoka sakafuni, usiyafungie mahindi mabichi chumbani. Kuvu aina ya Aspergillus flavus huishika nafaka ikiwa bado shambani, hasa mmea ukiteswa na kiangazi, kisha huzidi kwenye unyevu wa hifadhi. Sumu yake haiondoki kwa kupika, hata ukikesha na sufuria ya githeri jikoni.

Sasa tazameni habari zilivyokwenda. Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilisimamisha aina tano za unga wa mahindi, na kwa siku kadhaa majina ya unga huo yalijaa kila mahali. Ilikuwa haki kuyatangaza. Lakini huku kwetu nilisikia watu wakisema, "Tushukuru Mungu, sisi tunakula ya shamba." Habari ya kiwandani iliwatuliza watu waliokuwa na hatari chini ya kitanda. Hakuna aliyewaeleza kwamba walioangamia 2004 wengi wao walikula mahindi yaliyolimwa huku huku.

Na je, ni wangapi kati yenu mliorudi kueleza habari ya Aflasafe KE01? Dawa hiyo ilisajiliwa nchini mwaka 2015. Imetengenezwa kwa kuvu wa aina ile ile, ila wasiotoa sumu, wanaowahi nafasi shambani na kuwafungia njia wale wenye sumu. Hurushwa kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Siku ya kurusha ikipita, imepita. Habari kama hiyo ina tarehe yake katika kalenda ya mkulima, na tarehe hiyo haingoji mtu afe.

4. Utafiti wa kwanza mnaufanya hukumu ya mwisho

Septemba 2013 ilitangazwa kwamba picha za setilaiti na uchunguzi wa ardhini vimegundua hifadhi kubwa mno ya maji chini ya Lotikipi, Turkana. Tuliambiwa maji hayo yangeitosha Kenya kwa miaka 70. Sisi watu wa nchi kavu tulilia kwa furaha, maana kama Turkana ina maji, na Ukambani patachimbwa siku moja. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kuwa maji ya Lotikipi yana chumvi kupita kiasi cha kunywa. Habari ya furaha ilikuwa ukurasa wa kwanza. Habari ya chumvi, aliyeiona ni yule aliyeitafuta.

Wenye umri wangu wanakumbuka pia Kemron, dawa ya UKIMWI iliyotangazwa kwa shangwe mwaka 1990, Rais Moi akiwa mbele. Utafiti ule wa mwanzo wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ulikuwa wa wagonjwa wachache, bila kundi la kulinganisha nalo. Majaribio makubwa zaidi, likiwemo la Uganda, hayakuona faida yake. Sayansi ilijisahihisha kama inavyotakiwa. Wagonjwa waliokuwa wameuza ng'ombe kutafuta dawa hiyo hawakurudishiwa ng'ombe wao.

Kosa la utafiti wa kwanza ni la kawaida, na watafiti wanalijua. Ndiyo maana hurudia. Ninyi mkiutangaza wa kwanza kwa tarumbeta na kuunyamazia wa pili, mnatufundisha kuamini kwa pupa na kukata tamaa kwa pupa.

5. Mnatudhania kwamba hatuwezi hesabu

Nimewahi kumwuliza mwanahabari mmoja kwa nini aliacha asilimia. Alinijibu kwa upole kwamba msikilizaji wa kijijini hataelewa. Naomba mje mwone shamba la mama wa Kikamba. Katika kipande kimoja amepanda mahindi, kunde, mbaazi na mtama. Mahindi ni ya mwaka mwema. Kunde ni za mvua ikikatika. Mtama ni wa mwaka mbaya. Mbaazi zitabaki zimesimama hata vingine vyote vikiondoka. Mama huyo amekuwa akipiga hesabu ya uwezekano tangu alipokuwa msichana, na shamba lake ndilo daftari. Mkimwambia nafasi ni 50, 30 na 20, atajua mistari mingapi aipe mahindi na mingapi aipe mtama. Mkimwambia "mvua kubwa yaja", mmemwondolea uwezo wa kuamua.

Kwa haki, lawama si zenu peke yenu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, walichunguza taarifa 462 zilizotolewa kwa wanahabari na vyuo vikuu 20 vya nchi hiyo, wakachapisha matokeo katika jarida la BMJ mwaka 2014. Walikuta taarifa 40 kati ya kila 100 zimeutia chumvi ushauri kwa wasomaji, na kwamba chumvi nyingi iliyoonekana magazetini ilikuwa imetiwa chuoni kabla mwanahabari hajagusa kalamu. Tena hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba chumvi ilizisaidia taarifa hizo kupata nafasi zaidi kwenye habari. Kwa hiyo hata yule anayedhani kupunja kunaleta wateja hana hakika ya faida yake. Najua pia kwamba mwandishi mmoja hutumwa asubuhi mahakamani, mchana kwenye mkutano wa siasa na jioni kwenye utabiri wa mvua. Hilo ni jambo la wenye vyombo kurekebisha, na linawezekana.

Maombi yangu

Kwanza, kila habari ya utabiri itaje uwezekano katika sentensi mbili za mwanzo, itaje eneo, na iseme tarehe ya kuanza na ya kukoma mvua. Kila kaunti ina afisa wa hali ya hewa. Mpigieni wa Makueni kabla ya kuandika kuhusu Makueni.

Pili, kila habari ya utafiti iseme waliochunguzwa ni wangapi, wako wapi, walilinganishwa na nani, na nani aligharamia. Sentensi moja inatosha.

Tatu, rudini. Desemba ikiisha, wekeni kando kwa kando kilichotabiriwa na kilichopimwa Makindu, Voi, Lodwar na Kisumu. Mwaka baada ya mwaka tutajua utabiri unastahili imani kiasi gani, na hatutahitaji kuapiwa.

Nne, wapeni wataalamu muda katika redio za lugha zetu. Musyi FM na Mbaitu FM husikika hadi kwa mchungaji malishoni. Wiki za mwisho za Septemba, mtaalamu akae studioni, aeleze kwa Kikamba, na wakulima wapige simu wamwulize hadi waridhike. Fanyeni hivyo tena kabla mahindi hayajatoa maua, na tena wakati wa kukausha.

Tano, mkikosea, sahihisheni pale pale mlipokosea na kwa ukubwa ule ule. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 ina kanuni za maadili zinazodai usahihi na masahihisho ya haraka. Naliomba Baraza lizihesabu habari za sayansi kuwa sehemu ya kanuni hizo, kama linavyozihesabu habari za uchaguzi.

Kwenu watafiti, ombi langu ni moja: kila utafiti unaotuhusu uje na ukurasa mmoja wa Kiswahili mlioandika wenyewe, wenye kipimo ndani yake, ili mwanahabari asiwe na sababu ya kubuni.

Waheshimiwa, hatari ninayoiogopa zaidi ni ya siku ambayo onyo litakuwa la kweli kabisa na hakuna atakayesimama. Tangu vuli ya 2020 hadi ile ya 2022 misimu mitano mfululizo ilikauka katika sehemu kubwa za Kenya, na wataalamu walionya mapema. Wengi wetu tulikuwa tumeshazoea kusema, "Hao ndio wale wa El Niño ya 2015." Sikio lililochoshwa na ahadi halisikii tena onyo.

Oktoba ikikaribia nitakuwa na magunia mawili ya mbegu barazani, moja la mahindi na moja la ndengu, na ekari nne za kuyagawia. Nitaifungua redio kama kawaida yangu. Nipeni nambari zote tatu, nami nitajua kamba ya kupimia shamba niikate wapi.

Wenu kwa heshima,

Mkulima na mwalimu mstaafu wa sayansi,
Makindu, Kaunti ya Makueni